Pedali ya Kushoto

"Mwangaluka, fundi Kalunde."
Nikaitikia bila kuinua kichwa,
mikono i ndani ya grisi hadi vifundoni.
Ngassa Sizya, mrina asali wa Sikonge,
kasimama mlangoni pa kibanda changu, Isevya,
ameishika baiskeli kama mtu aliyekabidhiwa
bibi harusi wa mwenziwe.

Ya mashindano. Nyembamba, rangi ya samli iliyochacha.
Kainunua mnadani, nyuma ya kota za reli,
kwa fedha ya mizinga kumi na minne.
Wapita njia waliitazama fremu.
Mimi nilichuchumaa, nikazungusha pedali.

Pedali za zamani zile: bati lenye meno,
mbele kikucha cha chuma cha kushika vidole,
na ukanda wa ngozi uliokauka
kama nyama iliyosahaulika juani.
Ukiiachia, kikucha huivuta, inalala kifudifudi;
sharti uigonge kwa ncha ya kiatu, iamke,
uchomeke mguu kabla haijabadili nia.

"Hii," nikasema, "ilitengenezewa mtu wa mguu mwembamba
asiye na haraka ya kushuka."

Akacheka. Mguu namba arobaini na tano,
ndani ya katambuga za tairi la lori.

Nikamwambia, vidole vitagota mapema,
utasukuma kwa kucha badala ya wayo,
kisigino kitakwaruza mkono wa pedali,
na goti, ambalo halikuhudhuria mnada,
ndilo litakalolipa.

"Nifungie hivyo hivyo. Ya kale ni dhahabu."

Nikafunga. Ya kulia kama saa iendavyo,
ya kushoto kinyume.
Vijana wangapi wamenivunjia spana
kwa kutoiamini ile ya kushoto!

Siku ya nne alirudi akiikokota.
Kwenye kivuko cha reli, behewa za mizigo zikipita,
alisimama; baiskeli ikasimama;
mguu, umefungwa ukanda, ukakataa kutoka.
Akaanguka taratibu, anasema, taratibu mno,
akapata muda wa kuwaona wote waliokuwa wakimtazama.
Dumu likapasuka.
Watoto wakaja na vijiti, wakaramba reli.

"Mguu?"
"Mguu upo. Goti ndilo linanisema usiku."

Nikamkalisha kwenye kreti la soda.
Nikapapasa chini ya dole gumba, pale wayo unapotuna,
nikachora alama ya chaki kwenye katambuga.
Hapa ndipo nguvu inapotokea, Ngassa.
Ekseli ikae chini ya hapa, si chini ya kucha.

Nikang'oa vikucha. Nikatia washa moja kila upande
ili miguu yake ipanuke ilivyozaliwa.
Meno nikayavisha mpira wa trekta, nikafunga kwa waya.
Mpira ukaongeza unene wa kidole;
siti nayo nikaipandisha kidole,
maana mguu hauhesabu kutoka ardhini,
unahesabu kutoka pale unapokanyaga.
Gololi nikaziacha. Zile waliziweka watu wenye subira:
zilizunguka kimya, nikaona haya kuzigusa.

Akaenda hadi kwa muuza mkaa, akarudi.
Goti lilipanda na kushuka mahali pamoja, kama mchi.
"Kwenye kona," nikapaza sauti, "ya ndani iwe juu, itakwangua!"
Haikukwangua. Alikuwa keshajua.

Lakini aliposhuka aliitazama muda mrefu.
"Imekuwa ya shamba," akasema.
Sikujibu. Kweli ilikuwa imekuwa ya shamba,
na yeye alikuwa anakwenda shamba,
na bado nilimwonea huruma.

Vikucha nikamfungia kwenye gazeti, akavitia kifuani.
Akanilipa nusu chupa ya asali;
chini yake zimetulia kokoto mbili za reli.

Ukanda mmoja aliusahau.
Nafungia nao mlango wa kibanda jioni.
Unabana vizuri sana.
Kuufungua, mpaka leo, natumia meno.